Kitenzi cha Kiingereza "croon": ni kuimba kwa namna gani, na kwa Kiswahili tusemeje?

Mfasiri, Tanga

Habari zenu wanajukwaa. Ninafasiri mkusanyo wa hadithi fupi za Kiingereza kwa ajili ya wasomaji vijana, na kitenzi kimoja, "croon", kimejitokeza katika hadithi tatu ambazo hazifanani kabisa, na kila mahali kinanidai neno jingine.

Katika hadithi ya kwanza, bibi amempakata mjukuu mwenye homa, anamwimbia huku akimpigapiga mgongoni, na mwandishi ametumia kitenzi hicho. Katika ya pili, mwanamume aliyevaa suti nyeusi amesimama mbele ya maikrofoni katika ukumbi wa dansi wa London miaka ya 1930, wachezaji wamekumbatiana, na yeye anasemwa kuwa anafanya kitendo hichohicho. Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu ndani yake hamna wimbo hata kidogo: mama anamsemesha paka aliyejificha uvunguni ili atoke, na mara tu baada ya maneno yake mwandishi ameandika "she crooned".

Kamusi niliyonayo inaeleza kwa ufupi kwamba ni kuimba kwa sauti ya chini. Maelezo hayo hayanitoshi. Mtu anayeimba gizani kwa kuogopa kusikika huimba kwa sauti ya chini, na mwanakwaya aliyekaukiwa koo naye huimba kwa sauti ya chini, lakini sidhani kwamba Mwingereza angetumia kitenzi hiki kwa hao wawili bila sababu nyingine. Nimefikiria "kubembeleza", "kutumbuiza", "kuvumisha wimbo", hata "kunong'oneza", na kila ninalolishika naona limeacha kitu nje. Naomba wenye uzoefu wanieleze kitenzi hiki hasa kinabeba nini, na kama inafaa kutafuta neno moja la Kiswahili la kulitumia mahali pote patatu.

Mwalimu mstaafu, Mombasa

Ndugu Mfasiri, swali lako lina faida kwetu sote, na nitalijibu kwa kuanzia mbali kidogo, kwa kuwa historia ya kitenzi hiki ndiyo inayoeleza kwa nini kimekupa taabu.

Kitenzi hiki hakikuanza na ulaini. Kiliingia kutoka lugha za Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini za zama za kati, ambako "kronen" ilikuwa ni kuomboleza au kuguna kwa uchungu, na kwa muda mrefu kilikuwa mali ya Waskoti na watu wa kaskazini mwa Uingereza. Huko kilitumika kwa ng'ombe anayelia, na kwa kengele inayotoa mlio mzito. Mshairi Mskoti Robert Burns, aliyeishi kati ya 1759 na 1796, analitumia neno hili, likiwa nomino, kwa maana hiyo ya mnyama katika shairi lake kuhusu usiku wa Halloween: kuna kiumbe kinachosimama gizani na kutoa mlio, na msimulizi hajui kama ni Shetani au ni mtamba wa ng'ombe aliyelala nje. Ukitaka neno la Kiswahili lililo karibu na maana hiyo ya kale, ni "kuvuma", maana upepo huvuma, nyuki huvuma na ngoma huvuma, na katika yote hayo tunasikia sauti nzito inayoendelea bila kukatika.

Burns huyohuyo anatuonyesha jinsi maana ilivyohama. Katika shairi lake la Tam o' Shanter, lililochapishwa mwaka 1791, mkulima mlevi anarudi nyumbani usiku juu ya farasi wake jike huku dhoruba ikipiga, mara ameshika kofia yake isipeperushwe, mara anajiimbia wimbo wa kale wa Kiskoti, mara anatazama huku na huku asije akakamatwa na mizimwi. Kitenzi cha kujiimbia pale ndicho hiki chako. Hakuna mtoto wa kulazwa wala mpenzi wa kupendezwa. Yuko mtu peke yake anayejipa moyo kwa wimbo anaoutoa kwa mvumo wa chini. Waingereza wengi wa kusini walilizoea neno hili kwa kusoma mashairi kama hayo, na baadaye likahamia kwa mama na mtoto, ambako ndiko lilikokaa hata leo.

Kutokana na safari hiyo naona kwamba kitenzi kina mambo mawili yanayokwenda pamoja. Sauti ni ya chini, laini na ya kuvutavuta, haina makali wala kituo cha ghafla. Halafu sauti hiyo ina mtu wa karibu anayelengwa, awe mtoto aliye mikononi, awe mpenzi, au awe mwimbaji mwenyewe. Hapo ndipo mtu wako anayeimba gizani kwa kuogopa kusikika anapotoka nje ya maana, kwa kuwa yeye ameishusha sauti ili wengine wasimsikie, wala hamlengi mtu. Tam naye anaogopa, lakini wimbo wake ni wa kujiliwaza, na anayeliwazwa ni yeye mwenyewe.

Usikichanganye na "hum", ambacho ni kuvumisha wimbo kwa puani, midomo imefumbwa, maneno hayamo. Anayefanya "croon" kwa kawaida ana maneno, hata yakiwa nusunusu au silabi zisizo na maana. Wala usikichanganye na "lull", kwa sababu hicho hutaja matokeo: mtoto ametulia au amelala. Bibi wa hadithi yako anaweza kuendelea na wimbo wake hadi alfajiri na mtoto asifumbe jicho, na kitenzi kitabaki sahihi.

Kwa Kiswahili, tatizo la "kubembeleza" ni kwamba upana wake ni mkubwa. Mtoto hubembelezwa kwa wimbo, kwa kupakatwa, kwa kupewa tamu. Mkwe hubembelezwa akubali posa. Mdai hubembelezwa asubiri mwisho wa mwezi. Ukiandika "bibi alimbembeleza mjukuu" ukaishia hapo, msomaji hajasikia sauti yoyote. Lakini ukisema alimbembeleza kwa wimbo, umelitimiza, na umekaa ndani ya mila yetu wenyewe, kwa kuwa nyimbo za kulazia watoto tunaziita bembelezi au pembejezi. Kwa mtu anayejiimbia kama Tam, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina: kitenzi "kujiimbia" chenyewe kimeshasema kwamba mwimbaji ndiye msikilizaji. Jihadhari tu na "kimoyomoyo", ambalo watu hulikimbilia. Anayeimba kimoyomoyo hasikiki kabisa, na huyu anasikika.

Kwa sentensi yako ya kwanza mimi ningependelea "kutumbuiza", kwa maana yake ya asili ya kumliwaza mtu kwa kumwimbia. Ni neno zuri, la kale, na linamstahili bibi.

Jambo la pembeni, ambalo huenda halitakusaidia katika kazi yako ila linanigusa. Kitenzi kilichoanza kwa kuomboleza kimeishia kwa kulaza watoto, na sisi tuna bembelezi na mbolezi, wimbo wa kitandani na wimbo wa msibani. Yeyote aliyewasikia mama zetu wakiimba za aina zote mbili anajua kwamba mara nyingi sauti ni ileile, iliyoshushwa na kuvutwa, na mtu aliye nje ya nyumba aweza asitambue mara moja ni ipi kati ya hizo.

Fundi wa sauti, Dar es Salaam

Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze kuhusu sentensi ya pili, ya yule mwanamume mwenye suti, kwa kuwa hapo kitenzi kimepata maana ambayo haitokani na ushairi wa Waskoti bali inatokana na vyombo, na nimefanya kazi na vyombo hivyo studioni kwa muda mrefu.

Kabla ya 1925 santuri zilirekodiwa bila umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, akaimba kwa nguvu, na msukumo wa hewa ya sauti yake ndio uliotikisa kiwambo na sindano iliyochora mfuo kwenye nta. Sauti ndogo haikuchora kitu. Kwa hiyo waliovuma zama zile walikuwa watu wa vifua vipana, waliofundishwa kuimba kama waimbaji wa opera au waliozoea kuufikia mstari wa mwisho wa ukumbi bila msaada wowote. Mwaka 1925 makampuni makubwa ya santuri ya Marekani yalianza kurekodi kwa maikrofoni na vikuza sauti vya umeme, na redio nayo ilikuwa ikienea majumbani. Ghafla mtu aliweza kuimba kwa sauti anayoitumia kumsemesha aliyeketi naye kiti kimoja, na maelfu wakamsikia hivyohivyo.

Hapo ndipo jina la "crooner" lilipozaliwa kwa maana ya mwimbaji wa aina fulani. Rudy Vallée alikuwa mmoja wa wa mwanzo kujulikana hivyo Marekani. Sauti yake haikuwa kubwa, na katika kumbi alitumia bomba la kusemea aliloshika mkononi, hadi redio ilipomfanya maarufu. Bing Crosby akaja na sauti nzito zaidi na utulivu mkubwa zaidi. Upande wa Uingereza, ambako hadithi yako imewekwa, aliyetamba ni Al Bowlly, na wasomaji wetu huenda wakapenda kujua kwamba huyu alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, akakulia Johannesburg kabla ya kwenda Ulaya. Aliuawa London mwezi Aprili 1941 kwa bomu la ndege za Wajerumani.

Sasa niseme kinachotendeka kwa karibu, kwa sababu hilo ndilo litakalokusaidia kuchagua maneno. Maikrofoni nyingi zinazopokea sauti kutoka upande maalumu zina tabia ya kuongeza besi kadiri mdomo unavyozisogelea. Mwimbaji anapokaribia kiasi cha upana wa kiganja, sauti yake huwa nzito na ya joto kuliko ilivyo kwa kweli, na msikilizaji huhisi kana kwamba mtu yuko begani pake. Pumzi husikika kati ya mstari na mstari. Herufi kama "p" na "b" hupiga kiwambo kwa kishindo, kwa hiyo mwimbaji mjuzi hugeuza uso kidogo anapozifikia, au huzilainisha. Haimlazimu kuvuta hewa nyingi, na ndiyo maana anaweza kuchelewesha neno, kuliachia taratibu, kuliteremsha hadi karibu na kunong'ona. Bwana yule wa hadithi yako anaimba kwa namna hiyo. Ukiondoa maikrofoni, wachezaji dansi hawatamsikia kabisa.

Wengi wetu hapa tumeusikia uimbaji huo bila kujua jina lake. Jim Reeves, ambaye nyimbo zake zimepigwa na redio zetu za Afrika Mashariki miaka nenda miaka rudi, hasa asubuhi za Jumapili, alianza kwa kuimba kwa sauti ya juu kama waimbaji wengine wa kantri. Mwaka 1957, aliporekodi wimbo wa "Four Walls", alishusha sauti na kuiweka midomo karibu kabisa na maikrofoni, na tangu hapo ndipo akawa yule tunayemjua. Mtu asiyeelewa maelezo yangu yote ya besi na pumzi amsikilize Jim Reeves mara moja.

Lipo jambo jingine ambalo mfasiri asilipuuze. Katika miaka ile neno hili halikuwa la sifa tupu. Wapo waliouona uimbaji huo kuwa umelegea, haumfai mwanamume, na unachezea hisia za wanawake majumbani. Mwaka 1932 Kardinali William O'Connell wa Boston aliulaani hadharani kwa maneno makali, akiuita sanaa duni ambayo mwanamume wa kweli wa Kimarekani asingeifanya. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, BBC iliweka mwongozo wa kuwazuia redioni wanaume walioimba kwa sauti dhaifu na hisia za kupindukia. Kwa hiyo mtazame msimulizi wa hadithi yako: kama anamhusudu mwimbaji, "aliimba kwa sauti nyororo ya mahaba" itafaa. Kama msimulizi ni mzee anayemdharau, ulaini huo una chuki ndani yake, na pengine "aliimba kwa kujilegeza" ndiyo itakayosema kile ambacho mwandishi alikusudia.

Mhariri wa vitabu, Unguja

Nimesoma kwa faida kubwa, na Mwalimu nampa heshima yake, ila kuhusu "kutumbuiza" sikubaliani naye, na ningeomba Mfasiri asilitumie kwa bibi.

Asili yake ni kama alivyosema. Lakini vijana watakaosoma kitabu hiki wanalijua neno hilo kutoka kwenye matangazo: bendi itatumbuiza Jumamosi, msanii atatumbuiza uwanjani, kikundi kilitumbuiza wageni rasmi. Wakisoma kwamba bibi alimtumbuiza mjukuu mwenye homa, watamwona amesimama jukwaani na vipaza sauti viko pande zote mbili. Maana ya zamani haijafa, na katika shairi au katika hadithi inayosimuliwa na mtu mzima wa mwambao ningeiacha, lakini kitabu cha vijana hakiwezi kumtegemea msomaji ambaye hajazaliwa wakati neno lilipokuwa na upole wake.

Kuna "kuongoa" pia, kwa maana ya kumtuliza mtoto kwa wimbo, na wazee wetu wanalo. Nalo limemezwa na maana ya dini, kwa kuwa masikio ya wengi husikia kuongoka na kuongozwa katika njia ya haki. Na "alimwimbia" peke yake, bila maelezo, huku kwetu lina mtego wake: mtu akisema "fulani kaniimbia", anaweza kuwa analalamika kwamba amepigwa kijembe katika taarabu. Mtoto mgonjwa hapigwi vijembe, kwa hiyo muktadha utamwokoa bibi, lakini katika sentensi ya wapenzi wawili ningekuwa mwangalifu.

Pendekezo langu ni kuacha kutafuta kitenzi kimoja. Andika kwamba bibi alimpakata mjukuu akawa anambembeleza kwa wimbo wa sauti ya chini. Ni maneno mengi kuliko Kiingereza, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Mfasiri, Tanga

Nawashukuru sana nyote. Kwa bibi nitafuata ushauri wa Mhariri, na nimerudi kuisoma upya hadithi ya ukumbi wa dansi: msimulizi ni binti wa miaka kumi na saba aliyeingia pale kwa mara ya kwanza, na kwake kila kitu ni cha ajabu, kwa hiyo hakuna dharau. Nitaandika kwamba mwimbaji aliisogelea maikrofoni na kuimba kwa sauti nyororo, ya karibu, kana kwamba kila mmoja ukumbini anaimbiwa peke yake.

Amebaki paka wa uvunguni. Hapo hakuna wimbo, na nikisema "alimwimbia paka" nitakuwa nimeongeza kisichokuwepo, ilhali nikisema "alisema" nitakuwa nimeondoa kilichopo.

Mwalimu mstaafu, Mombasa

Marahaba, Fundi, na asante kwa somo la maikrofoni. Sikuwahi kulielezwa vizuri hivyo. Mhariri naye ana haki kuhusu vijana, ingawa nitaendelea kulitetea neno langu mahali ambapo msimulizi ni mtu mzima.

Kuhusu paka, Waingereza hupenda kuweka baada ya maneno ya mhusika kitenzi kinachoeleza sauti, na wana vingi vya namna hiyo: huyu alinguruma, yule alilia, mwingine alifoka. Kiswahili kinaweza kufanya hivyo kwa baadhi, kama "alifoka" na "alinong'ona", lakini kwa kawaida sisi huacha kitenzi kiwe chepesi, na hali ya sauti tukaieleza kando. Kwa hiyo hapa "kubembeleza" linafaa hata bila kutaja wimbo, kwa kuwa kusudi la mama ni kumvuta paka atoke, na kuvuta kwa upole ndiyo maana yake hasa. Upana ule nilioulalamikia kwa bibi unakuwa msaada kwa paka.

Ila sauti isipotee. Mama anayavuta maneno, anayarudia, yanapanda na kushuka karibu na kuwa wimbo lakini hayafiki. Ningeandika hivi: "Njoo, njoo kipenzi changu, njoo kwa mama," alimbembeleza kwa sauti laini, akiyavuta maneno na kuyarudiarudia. Na katika maneno yenyewe ya mama usiogope kurudia "njoo" mara nyingi kuliko alivyorudia mwandishi wa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo mtu wa kwetu anavyomwita paka aliyeogopa, na msomaji ataisikia sauti hiyo kabla hajakifikia kitenzi chako.